Kidukari gani yuko kwenye msindano wako? Dalili, visababishi na namna ya kumtambua

Msindano ukianza kugeuka njano, wengi hukimbilia duka la pembejeo, huelezea "wadudu weupe" kwa mdomo, kisha hurudi nyumbani na chupa. Wiki tatu baadaye mti uko vilevile na pesa imekwenda. Mara nyingi dawa haikuwa mbovu, ila mdudu hakuwa yule. Vidukari wanaofyonza misindano na miti ya jamii yake hapa Tanzania hawafanani: yupo wa sufu, anayejificha chini ya nta na hasogei; yupo wa sindano, anayekimbia ukimgusa; na yupo wa saipresi, ambaye kwenye msindano hakai kabisa. Kila mmoja ana mahali pake. Mahali anapokaa na namna anavyokwenda vitakupa jina lake mapema kuliko rangi, kwa hiyo hapa tunaanza na kile unachokiona ukiwa umesimama mbele ya mti.

Mti wenyewe kwanza

Kosa la kwanza hutokea kabla mdudu hajatazamwa. Mjini Dodoma, mivinje, saipresi, araukaria na misindano yote huitwa "miti ya Krismasi", na mtu anayeuliza kuhusu vidukari vya msindano huenda amesimama chini ya mvinje.

Mvinje hutambulika kwa vidole. Shika uzi mmoja wa kijani, vuta ncha zake mbili taratibu. Uzi wa mvinje huachana kwenye kiungo kama bomba linalochomoka kwenye soketi, na ukitazama pale ulipoachana kwa lenzi utaona duara la meno madogo sana. Meno hayo ndiyo majani yake. Ule uzi ni kijitawi. Sindano ya msindano haina viungo. Ukiivuta hukatika popote, na ukiisugua hutoa harufu ya utomvu.

Msindano wa kweli hutoa sindano kwa vitita, na kila kitita kimefungwa chini na ala nyembamba ya kahawia. *Pinus patula*, unaopandwa kwa wingi kwenye shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, na ambao miche yake hufika Dodoma kwenye viriba, kwa kawaida huwa na sindano tatu kwa kitita, mara chache nne au tano, nazo ni laini, ndefu, zinaning'inia. *Pinus caribaea* nao aghalabu ni tatu tatu, ila sindano zake ni ngumu zaidi na hazilegei. *Pinus elliottii* huchanganya vitita vya mbili na vya tatu kwenye mti mmoja. Saipresi haina sindano: ina magamba madogo yaliyobanana kwenye kijitawi. Araukaria ni ule mti wa matawi ya ngazi ngazi, na vidukari tunaowaeleza hapa si wake.

Andika aina ya mti kabla ya kuendelea. Kidukari wa saipresi hapati maisha kwenye msindano, wala yule wa sufu hapati maisha kwenye saipresi. Mti peke yake unakuondolea nusu ya wanaoshukiwa.

Vifaa, na saa ya kutazama

Unahitaji lenzi ya mkono inayokuza mara 10, karatasi nyeupe ya A4, brashi ndogo ya rangi, mkasi, kichupa chenye kizibo kinachobana, spiriti na penseli. Simu yenye kamera inayopiga picha za karibu inasaidia, lakini haichukui nafasi ya lenzi, kwa sababu mdudu wa sufu hana ukubwa wa kuzidi milimita 1 na picha ya simu humgeuza kuwa ukungu mweupe tu.

Nenda kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Baadaye upepo wa Dodoma huanza, hasa Agosti hadi Oktoba, na ukikung'uta tawi wadudu hupeperuka kabla ya kufika kwenye karatasi. Upepo huohuo huleta vumbi. Vumbi jepesi la barabara za Dodoma likitulia kwenye sindano huonekana kama unga wa nta. Lipangusie kidole kilicholowa: vumbi huacha tope la kahawia, lakini nta huteleza na haishiki maji.

Dalili: vipande vya pamba nyeupe kwenye chipukizi, gome au shina la sindano

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na ndipo panapostahili kutazamwa kwa utulivu.

Mshukiwa mkuu ni kidukari wa sufu, *Pineus boerneri*. Alitambuliwa Afrika Mashariki baada ya kuingia Kenya mwaka 1968 kwenye vikonyo vya kupandikizia vilivyoletwa kutoka Australia, kisha akasambaa hadi kwenye mashamba ya misindano ya Tanzania. Kwa miaka mingi aliandikwa kwa jina la *Pineus pini*, mdudu mwingine wa jenasi hiyohiyo. Ukikuta ripoti za zamani zenye jina hilo kuhusu misindano ya ukanda wetu, karibu kila mara zinamzungumzia huyuhuyu *boerneri*. Si wadudu wawili waliokuja kwa zamu.

Kata chipukizi lenye pamba, urefu wa sm 5, ulishike mahali penye mwanga wa pembeni. Pamba ya kidukari wa sufu hukaa mahali pa kujificha: chini ya sindano pale zinapotokea kwenye kijitawi, katikati ya magamba ya kichipukizi, kwenye nyufa za gome changa. Mti ukiwa na mzigo mkubwa, pamba hushuka hadi kwenye shina. Isogeze kwa ncha ya brashi. Sufu hunata kwenye nywele za brashi na kuvutika kwa nyuzi nyembamba, na chini yake utaona kitu kidogo cha mviringo, rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, kimelala kimya. Miguu yake ni mifupi mno kiasi cha kutoonekana. Hakimbii, kwa sababu mrija wake umeshazama kwenye tishu ya mti. Kando yake, ndani ya sufu ileile, kuna mayai madogo ya umbo la yai la kuku, ya njano hafifu au ya machungwa.

Mayai hayo yana uzito mkubwa katika utambuzi. Vidukari wa kawaida, wale wa kunde, pamba au saipresi, katika hali ya hewa yetu ni majike watupu wanaozaa watoto hai. Kidukari wa sufu ni wa familia nyingine, Adelgidae, na majike wake hutaga daima. Ukiona jike na mayai yake chini ya sufu kwenye msindano, umeshatoka kwenye familia ya vidukari wa kawaida. Thibitisha kwa kutafuta vibomba viwili vidogo vya mgongoni karibu na mkia, ambavyo vidukari wengi wanavyo. Huyu hana hata kimoja.

Wanaofananishwa naye ni wengi:

Vidung'ata pia huvaa nta nyeupe, lakini mwili wao umegawanyika kwa pingili zinazoonekana wazi, una rangi ya waridi au njano, una nyuzi za nta pembeni kama mapindo ya shuka, nao hutembea polepole ukiwachokoza. Ukubwa wao ni mara mbili hadi tatu ya kidukari wa sufu.

Wadudu gamba hubandika ngao juu ya sindano yenyewe. Ngao hubanduka kwa ukucha ikiwa nzima, mithili ya kigae. Sufu haibanduki hivyo.

Utomvu uliokauka huwa mweupe na mgumu. Ukiuchoma kwa sindano ya kushonea iliyopashwa moto huyeyuka na kunukia. Chini yake hakuna mdudu.

Ukungu mweupe hukaa bapa juu ya jani, hauna kitu cha mviringo ndani yake, na ukitiwa tone la spiriti hauonyeshi mwili wowote. Tone hilohilo likiwekwa juu ya sufu ya kidukari huyeyusha nta kwa sekunde chache na kumwacha mdudu uchi. Hilo ndilo jaribio tunalolitegemea zaidi shambani kwa pamba nyeupe ya aina yoyote.

Tahadhari moja: sufu haidondoki mdudu akifa. Mti unaweza kuwa mweupe kwa sufu ya mwaka jana wakati wenyewe wameshaliwa na wadudu rafiki. Bonyeza vipande kumi kwa ncha ya penseli juu ya karatasi. Alama ya kahawia-nyekundu yenye unyevu maana yake alikuwa hai, na unga mkavu maana yake ni ganda tu.

Madhara ya kidukari huyu huonekana kwanza juu: kilele hupinda au kukauka, sindano mpya hubaki fupi, na mti mdogo hutoa vichipukizi vingi vya pembeni baada ya kilele kufa. Kiangazi kikali humpa nafasi, kwa kuwa mti wenye kiu hauna nguvu ya kufidia anachofyonza.

Dalili: sindano za zamani zinageuka njano na kuanguka, kilele bado kibichi

Geuza mawazo yako kutoka kwenye sufu. Anayetafutwa sasa ni kidukari wa sindano, *Eulachnus rileyi*. Yeye hakai kwenye gome wala kwenye kilele. Hujipanga kwa urefu juu ya sindano zilizokomaa, kichwa kikielekea chini au juu ya sindano, mmoja mmoja, bila kusongamana kundi.

Weka karatasi nyeupe chini ya tawi la ndani na upige tawi kwa kijiti mara tatu. Tazama karatasi papo hapo. Kidukari huyu ni mwembamba kama punje ndefu ya mpunga iliyochongoka pande mbili, urefu wa milimita 2 hadi 3, miguu mirefu, na akianguka hutimua mbio. Mwendo huo peke yake unatosha kumtofautisha na vidukari wengine wa misindano. Rangi yake ni ya zeituni, kahawia au kijivu cheusi, na juu yake kuna unga wa nta ya kijivu-buluu. Wapo wanaomwita "kidukari mweusi" na wapo wanaosema ni "wa kijivu", na wote wanamzungumzia huyohuyo. Mwenye unga mwingi huonekana wa kijivu. Ukimtumbukiza kwenye spiriti unga hutoka na anabaki mweusi au wa zeituni. Ndiyo sababu hatuanzi na rangi.

Vibomba vyake vya mgongoni havionekani kama vipembe. Ni vitundu viwili vidogo juu ya vilima vya chini sana, na kwa lenzi ya mara 10 mara nyingi hutaviona kabisa. Usimwite wa sufu kwa sababu hiyo. Angalia umbo na mbio.

Sisimizi hawamfuati. Ukiona msururu wa sisimizi wakipanda mti huo, wanamfuata mwingine.

Wanaodanganya kwa dalili hii si wadudu pekee. Utitiri huacha nukta nyingi ndogo za njano juu ya sindano, na utando mwembamba kati ya sindano za kitita kimoja. Kwenye karatasi utitiri huonekana kama vumbi linalotembea, chini ya nusu milimita, wenye miguu minane. Kiangazi cha Dodoma kinaufaa sana, na kwa mti wa bustanini ulio karibu na ukuta unaorudisha joto, utitiri ushukiwe mapema.

Uzee wa kawaida wa sindano ni sababu nyingine. Msindano haukai na sindano milele. Zile za ndani, za mwaka wa juzi na nyuma yake, hukauka na kuanguka zote kwa pamoja, kwa usawa pande zote za mti, na hakuna mdudu kwenye karatasi. Kama unjano uko ndani tu, umesambaa sawasawa, na chipukizi la mwaka huu ni refu na kijani, acha mti upumue.

Ukame una sura tofauti: ncha za sindano ndizo hukauka kwanza, rangi ya kahawia ikirudi nyuma kuelekea kwenye ala. Mvua ya Dodoma mjini kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. *Pinus patula* ni mti wa nyanda za juu zenye mvua nyingi kuliko hiyo. Mti uliopandwa Januari ukaachwa bila maji hadi Oktoba utaonyesha ncha kavu hata kama hauna kidukari hata mmoja. Chimba kwa ncha ya sururu hadi sm 30 pembeni ya shina. Udongo ukiwa mkavu unaomong'onyoka kama unga, tatizo la kwanza ni hilo.

Dalili: masizi meusi, sakafu inanata, sisimizi wanapanda na kushuka

Vidukari hunywa utomvu mwingi kuliko wanavyohitaji, na ziada hutoka mkiani kama maji matamu. Maji hayo yakidondokea matawi ya chini, ukungu mweusi huota juu yake na mti unakuwa kama umepitishiwa moshi wa jiko. Gari lililoegeshwa chini hupata vidoa vinavyonata kwenye kioo.

Wa sufu na wa sindano hutoa maji hayo kidogo. Ukikuta masizi mazito pamoja na sisimizi wengi kwenye msindano, fuata sisimizi. Panda nao kwa macho hadi wanapokusanyika. Kama wamezunguka kundi la wadudu wanene wa kahawia au weusi, umbo la peasi, milimita 3 hadi 5, miguu mirefu, wamebanana kwenye kijitawi au kwenye shina, basi umekutana na mmoja wa jenasi ya *Cinara*. Vibomba vyake vya mgongoni hukaa juu ya vilima vyeusi vipana vyenye nywele, navyo huonekana vizuri kwa lenzi kama madoa mawili meusi karibu na mkia.

*Cinara* wanaokula misindano wako wengi duniani, na kutofautisha spishi moja na nyingine ni kazi ya hadubini. Afrika Kusini walimpata *Cinara cronartii* mwaka 1974, mdudu wa kusini mashariki mwa Marekani, na kumdhibiti kwa nyigu mdogo *Pauesia cinaravora*. Ukikuta kundi la *Cinara* kwenye msindano huku Dodoma, usimalizie na dawa. Chukua sampuli siku hiyohiyo kwa utaratibu ulio hapa chini na uipeleke, kwa sababu mdudu mgeni wa miti akigunduliwa akiwa kwenye bustani moja bado anazuilika, lakini akifika mashambani Mufindi ni habari nyingine kabisa.

Kabla ya kumtaja *Cinara*, tazama mti wa jirani. Mwembe au mchungwa uliotanda juu ya msindano unaweza kudondosha maji matamu ya vidung'ata na inzi weupe wake. Masizi huota popote maji yanapodondokea. Kama masizi yako upande mmoja tu wa msindano, ule ulio chini ya mwembe, mdudu yuko kwenye mwembe.

Dalili: ni ua wa saipresi, unakauka kahawia kuanzia ndani

Swali hili hufika pamoja na yale ya misindano, kwa kuwa mti huitwa kwa jina moja. Jibu ni kidukari wa saipresi, *Cinara cupressivora*. Alionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990, akakausha saipresi nyingi. Wakati huo aliandikwa *Cinara cupressi*. Mwaka 1999 alitenganishwa na kupewa jina lake, na vitabu vingi vya zamani bado vina jina la kwanza.

Fungua ua kwa mikono miwili na utazame ndani kwenye vijitawi vya unene wa penseli. Wako wamekusanyika hapo, milimita 2 hadi 4, kahawia iliyoelekea machungwa, wakiwa na unga wa kijivu na mistari miwili myeusi inayotanuka kuelekea mkiani kama herufi V iliyogeuzwa. Kukauka huanza ndani na kutoka nje, hivyo mtu anayetazama ua kutoka barabarani huuona ukiwa umechelewa.

Hushambulia pia mtarakwa, *Juniperus procera*. Kwenye *Pinus* hakai. Mtu akikuambia ana kidukari wa saipresi kwenye msindano, rudi kwenye kichwa cha kwanza cha mwongozo huu na ukague mti.

Dalili zipo, mdudu hayupo

Umekung'uta matawi manne, umetazama chipukizi kumi, karatasi ni nyeupe. Usilazimishe kidukari awepo.

Kwa miche iliyo kwenye viriba, yenye umri wa miezi mitatu hadi minane, iliyodumaa, yenye sindano za njano au za zambarau hafifu, chomoa mmoja na uoshe mizizi taratibu kwenye beseni. Mizizi ya msindano wenye afya ina vincha vifupi vilivyogawanyika mara mbili kama panda ya manati, vimevikwa utando mweupe au wa kahawia. Huo ni ukungu rafiki unaoishi na mizizi na kuipa fosforasi. Msindano bila ukungu huo hudumaa hata ukimwagiwa mbolea. Udongo wa Dodoma usiowahi kuotesha misindano hauna ukungu huo. Wazalishaji wa miche huuchukua kutoka chini ya misindano iliyokomaa, wakachanganya udongo wa juu wa pale kwenye mchanganyiko wa kiriba, takriban sehemu moja kwa kumi. Angalia kwamba mti unaotolea udongo hauna sufu wala kuvu wa mizizi, la sivyo unahamisha tatizo kwa ndoo.

Unjano wa sindano changa za kilele, huku za zamani zikiwa kijani, kwenye udongo wenye chokaa nyeupe inayochemka ukiitilia siki, ni upungufu wa chuma. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huongeza hali hiyo, na Dodoma visima vya namna hiyo si vichache.

Lenzi ikiishia hapo, hadubini hutazama nini

Mwalimu wa baiolojia mwenye hadubini ya shule anaweza kukufikisha mbali. Chemsha wadudu polepole kwenye maji ya magadi makali ya maabara (hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10) ndani ya kijibakuli kilichowekwa juu ya maji ya moto, hadi mwili uwe angavu. Usichemshe moja kwa moja kwenye moto, kwani hutumbuka. Suuza kwa maji, lalisha mdudu chali kwenye kioo, na hesabu pingili za papasi, yaani zile nyuzi mbili za kichwani. Vidukari wa kweli wakubwa, *Eulachnus* na *Cinara*, wana papasi za pingili sita. Jike asiye na mabawa wa kidukari wa sufu ana papasi fupi za pingili tatu. Hesabu hii pekee inamaliza mabishano mengi kuhusu "weupe".

Kuchukua na kupeleka sampuli

1. Chagua wadudu wazima kumi au zaidi, na wadogo wao. Wenye mabawa wakipatikana, waongeze. Mtambuzi hawezi kutaja spishi kwa mtoto mmoja.
2. Wa sufu usiwabandue. Kata kijitawi chenye sufu, sm 3 hadi 5, ukitumbukize chote. Ukiwabandua, mrija hukatika na mayai hupotea.
3. Tumia ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Spiriti ya dukani inafaa ukikosa nyingine. Maji huwaozesha kwa siku mbili, na petroli huwaharibu.
4. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi na ukiweke ndani ya kichupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Andika aina ya mti, mahali (kata na wilaya), tarehe, sehemu ya mti ulipowatoa, na kama sisimizi walikuwepo.
5. Usisafirishe matawi yenye wadudu hai. Watoto wa kidukari wa sufu ni wepesi na hubebwa hata na upepo, seuze na basi.

Sampuli ipelekwe kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao makuu Arusha, au Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania (TAFORI) iliyopo Morogoro. Ofisa misitu wa wilaya anaweza kukuelekeza namna ya kuifikisha.

Ukishajua jina

Tafuta kwanza maadui zake. Kidukari aliyevimba, mgumu, rangi ya shaba, mwenye tundu la mviringo mgongoni, ameliwa na nyigu kutoka ndani. Ukiwaona hao kwenye saipresi, acha kupulizia. Malawi ilimleta nyigu *Pauesia juniperorum* mwaka 1994 kwa kazi hiyohiyo. Vidukari wa sufu hawana nyigu wa namna hiyo popote duniani, kwa hiyo ukiona miili iliyovimba yenye tundu kwenye msindano, mdudu wako si wa sufu na utambuzi urudiwe. Wa sufu huliwa na mabuu ya nzi wadogo, mbawakavu wenye madoa na kunguni wawindaji.

Kwa mti mmoja mmoja wa bustani, sabuni ya maji isiyo na rangi kali inatosha: mililita 10 kwa lita 1 ya maji, yaani mililita 160 kwa bomba la mgongoni la lita 16. Jaribu kwenye tawi moja, subiri siku mbili. Pulizia jioni, kuanzia saa 11, kwa sababu sabuni kwenye jua la mchana huunguza sindano. Kwa wa sindano, lenga sindano za ndani. Kwa wa sufu, lenga shina la sindano na nyufa, na ulowanishe hadi idondoke, maana maji matupu huteleza juu ya nta yake na yeye chini anabaki mkavu. Rudia baada ya siku 7, kwa kuwa mayai yaliyokuwa ndani ya sufu yatakuwa yameangua.

Funga uzi mwekundu kwenye chipukizi tano kabla ya kuanza na uhesabu walio hai katika kila moja. Baada ya siku 14 hesabu tena chipukizi zilezile. Usihesabu weupe. Bonyeza kila kipande cha sufu kwa penseli juu ya karatasi, na uhesabu alama zenye unyevu tu.